Kanoni Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Boga

Katika kalenda ya Kanisa la Uingereza tarehe 30 Mei ni siku ya kumkumbuka mtu mmoja wa Afrika yetu, Apolo Kivebulaya, aliyefariki siku hiyo mwaka 1933. Uganda na Kongo wanamjua vizuri. Hapa Kabanga jina lake hutajwa kwa nadra, ingawa alifanya kazi yake katika nchi isiyo mbali sana na kwetu, na mambo yaliyompata yanafanana na yetu kuliko yale ya watakatifu wengi tunaosomewa.

Tuna sababu nyingine ya kumwandika. Wazee wa mtaa wetu wana desturi, mazishi yakiisha na watu wakiwa bado wamekaa, ya kupima maisha ya marehemu. Aliacha watoto wangapi? Je, alijenga? Migomba yake iko katika hali gani, na ng'ombe je? Alizikwa kwao au ugenini? Hatuidharau mizani hiyo, maana baba zetu hawakuwa wajinga, na mtu asiyejali watoto wake wala shamba lake hawezi kutuambia kwamba ameishi vema. Lakini ukimweka Apolo juu ya mizani hiyo, atapungua kila mahali. Hakuacha mtoto wa kuzaa, hakukaa kwao, na alizikwa mbali na baba zake kwa hiari yake mwenyewe. Hata hivyo watu wa Boga wanaendelea kusema kwamba hakuna aliyeishi vema kuliko yeye. Tunataka kuona kwa nini.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alizaliwa pacha, naye ndiye aliyetangulia kutoka, kwa hiyo aliitwa Waswa, kama sisi hapa Bugufi ambavyo tungemwita Bukuru. Wakati huo Buganda ilikuwa inatawaliwa na Kabaka Mutesa, na wageni walikuwa wanaingia kwa zamu: kwanza wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, kisha wamisionari wa C.M.S. mwaka 1877, kisha mapadre wa Kifaransa mwaka 1879. Kila kundi lilikuja na kitabu chake au mafundisho yake, na vijana wa Buganda wakawa na njaa ya kusoma ambayo sisi walimu tungetamani kuiona darasani siku hizi. Waswa naye alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyekuwa akihubiri huku ameshika nyundo, na ambaye baadaye alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria katika nchi yetu ya leo, akafariki huko Februari 1890.

Hata hivyo hakumfuata Mackay mara moja. Kwanza alijifunza Uislamu, na vita vya dini vilipolipuka mwaka 1888 alikuwa upande wa Waislamu waliowafukuza Wakristo katika mji mkuu. Halafu aliwaacha akaungana na Wakristo waliokuwa wamekimbilia Ankole. Hatuna haja ya kuficha jambo hili wala kulipamba. Vijana wengi wa Buganda miaka ile walibeba bunduki kwa jina la dini wakiwa hawajajua dini ni nini, na wengine walibadili upande kadiri vita vilivyobadilika. Mwaka 1891 alikuwa pamoja na msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda Toro kumrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme. Huko aliona kwa mara ya kwanza milima ya Ruwenzori, ambayo baadaye angeizunguka kwa miguu mara nyingi mno. Wakati huo alikuwa askari tu.

Mabadiliko yake yalikuja polepole, nasi tunafurahi kwamba ilikuwa hivyo, maana wako Wakristo wanaohuzunika kwa kuwa hawana siku moja ya ajabu ya kuitaja. Alijifunza, alisikiliza, akajifunza tena. Alibatizwa Januari 1895, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, akachukua jina la Apolo. Wasomaji watakumbuka Apolo wa kitabu cha Matendo, sura ya 18, yule mtu wa Iskanderia aliyekuwa hodari katika maandiko, lakini Prisila na Akila wakamchukua kwao na kumweleza njia kwa usahihi zaidi. Ni jina linalomfaa mwalimu, yaani mtu mwenye elimu anayekubali kufundishwa na mafundi wa kushona mahema.

Jina la pili alipewa na watu. Juu ya kanzu yake nyeupe alizoea kuvaa koti jekundu la kijeshi lililotoka Ulaya, na Waganda, ambao wana ulimi mwepesi wa kutaja watu, wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani. Wengine kwetu wangekasirika, lakini yeye alilichukua akaenda nalo mpaka kaburini, na leo ndilo lililo katika kalenda.

Mwaka huohuo wa 1895 alitumwa Toro kama mwalimu. Kasagama mwenyewe alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi, na kanisa la Toro likaanza kukua kwa haraka. Apolo angeweza kubaki pale. Palikuwa na mfalme rafiki, wanafunzi wengi, chakula, na heshima ya Mganda mbele ya watu wa Toro. Lakini ng'ambo ya mto Semliki, juu ya ukingo wa milima ya upande wa Kongo, kulikuwa na nchi ndogo ya Boga iliyotawaliwa na chifu aitwaye Tabaro. Walimu wawili wa kwanza waliokwenda huko, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wamepata taabu kubwa. Mwisho wa mwaka 1896 Apolo aliteremka bonde la Semliki, lililojaa joto na wanyama wakali, akapanda upande wa pili.

Sisi walimu wa zamani tunajua maana ya kupelekwa shule ya mbali. Unafika na sanduku lako, watoto wanakutazama, wazazi wanangoja waone kama utakaa au utakimbia baada ya muhula mmoja. Boga ilikuwa zaidi ya hapo. Tabaro alipoona kwamba mafundisho mapya yanagusa pombe yake na wake zake, aliwakataza watu wasimuuzie mwalimu chakula. Ni silaha kali sana, tena haina kelele. Mtu hapigwi wala hafukuzwi, ila anaachwa ajionee mwenyewe.

Apolo akachukua jembe. Alifyeka, akalima, akapanda, akala kwa jasho lake. Katika kisa chote cha Boga sehemu hii inatugusa kuliko maono na miujiza, kwa sababu watu wa Boga walikuwa wanamtazama. Mganda wa mji mkuu, aliyekuwa askari wa Lugard, mwenye koti la Ulaya, amepinda mgongo shambani kama mwanamke wa kijiji! Wapo walioanza kuja kwake jioni kwa siri ili wafundishwe herufi. Miaka ile katika nchi zile Wakristo waliitwa wasomaji, na kwa kawaida mtu hakubatizwa kabla hajajifunza kusoma Injili mwenyewe. Tungependa neno hilo lirudi. Siku hizi twahesabu walioimba na waliotoa sadaka, lakini ni nani anayehesabu waliosoma?

Kisha likaja jambo baya. Walikuwa wanajenga kanisa kwa miti na majani, na Apolo alikuwa ameweka mkuki wake katika majani hayo. Ndugu wa kike wa Tabaro akaja, akajikwaa, akaangukia mkuki, akafa. Haikuwa njama ya mtu yeyote, lakini watu wangeamini vipi? Chifu anamchukia mgeni, na dada wa chifu amekufa kwa mkuki wa mgeni huyo. Apolo alikamatwa, akateswa, akapelekwa chini ya ulinzi kuvuka Semliki mpaka Fort Portal, ambako Waingereza walikuwa na ngome yao, akafungwa minyororo kwa shtaka la kuua. Hata wamisionari hawakuweza kumtoa mara moja.

Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba gerezani Bwana Yesu alimtokea akiwaka kama jua, akamtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Tunaliandika jambo hilo kama alivyolisimulia. Asiyependa maono na atazame lililofuata. Alipoonekana hana hatia akafunguliwa, alikuwa na sababu zote za kurudi Buganda, na hakuna Mkristo ambaye angemlaumu. Alirudi Boga.

Hebu tufikiri kidogo juu ya Tabaro, maana vitabu vya zamani vilimfanya mtu mwovu tu. Yeye alikuwa chifu wa nchi ndogo. Mashariki yake Toro ilikuwa imepata nguvu kwa bunduki za Waingereza, na sasa kutoka upande huohuo wanakuja walimu wenye kitabu na koti la kijeshi. Angekuwa mjinga kama asingetia shaka. Tena mafundisho yale yalimtaka awaache wake zake isipokuwa mmoja, na hakuna aliyemweleza vema wale wengine wangekula wapi. Jambo hili limewasumbua makasisi wengi wa Afrika mpaka leo, hata sisi tumewahi kuona akina mama walioachwa kwa ajili ya ubatizo wa mume, wakabaki hawana ubatizo wala mume. Hatumlaumu Apolo peke yake, maana ndivyo Kanisa lote lilivyofundisha. Ila hatuwezi kulipita kama halipo.

Lililombadili Tabaro halikuwa hoja. Aliona mtu aliyenyimwa chakula akarudi na jembe, aliyefungwa kwa ajili ya kifo cha dada yake akarudi bila kudai kisasi wala fidia. Chifu akajiunga na wanafunzi. Alipobatizwa aliitwa Paulo, na jina hilo wasomaji wanajua lilikuwa la nani na alikuwa amewafanyia nini Wakristo kabla ya kuitwa.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, chini ya Askofu Alfred Tucker. Miaka iliyofuata aliitumia zaidi Toro, akizunguka vijiji, akifungua makanisa madogo, akiweka walimu. Hatutayasimulia yote, maana kazi ya kasisi wa vijijini inafanana popote: kutembea, kufundisha, kupatanisha, kuzika, kutembea tena. Wanaoitaka habari kubwa hawataipata hapo, ingawa labda miaka hiyo ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi kwenye ramani. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka, na Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu waliolala wakiwa ndugu wa Toro wakaamka wakiwa wa serikali nyingine. Sisi wa Bugufi hatuhitaji kuelezwa. Nchi yetu ilikuwa ya wafalme wa Burundi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaachwa upande wa Tanganyika, kwa hiyo leo mtu wa Kabanga akienda Kobero kumsalimu shangazi yake anavuka kutoka dola moja kwenda nyingine, hali lugha waliyosalimiana nayo ni karibu ileile.

Kanisa la Boga lilibaki kama yatima. Lilikuwa la Kianglikana katika koloni ya Wabelgiji, ambako misheni za Katoliki ndizo zilizokuwa na nguvu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Apolo alirudi Boga, na safari hii hakurudi kwa muda. Alikuwa Mganda, raia wa himaya ya Kiingereza, akifanya kazi Kongo kwa kutumia Biblia ya Kinyoro na Kitoro. Alikuwa mgeni kwa hesabu yoyote utakayotumia. Lakini tumeona hapa Ngara mwaka 1994, watu wa Rwanda walipomiminika darajani Rusumo kwa malaki katika siku moja na usiku wake, jinsi neno mgeni linavyoweza kubadilika maana kwa siku chache, mara linapendwa, mara linachukiwa. Apolo aliishi ndani ya neno hilo karibu miaka ishirini ya mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1921 hivi, akiwa na miaka hamsini na saba, umri ambao wengi wetu tulikuwa tumeshaanza kuhesabu miezi ya kustaafu, alianza kazi mpya. Magharibi ya Boga unaanza msitu mkubwa wa Ituri, na ndani yake waliishi Wambuti, wawindaji wafupi wa kimo ambao majirani zao wakulima waliwadharau na kuwatumia. Kwa Kiswahili tumezoea kuwaita mbilikimo, neno lisilo la heshima, nasi tungewaomba wasomaji waliache. Apolo alisimulia kwamba Bwana alimwonyesha kuwa awaendee. Akaenda. Alijifunza njia zao, akakaa katika kambi zao za majani, akangoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kazi. Wambuti huhama. Mwalimu wa kawaida hujenga darasa, na watoto huja. Hapa mwalimu akijenga, wanafunzi wake wako siku mbili mbele wakifuata wanyama. Ilimbidi afuate naye, mzee mwenye kanzu katika msitu wa mvua, na walimu vijana aliowafundisha Boga wakamfuata. Alijitahidi hata Injili ya Marko itafsiriwe katika lugha ya watu wale, ambayo ilikuwa haijaandikwa. Fikiri ni kazi gani hiyo kwa mtu ambaye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima.

Hapa lazima tuseme jambo moja. Ulaya ilimpenda Apolo kwa sababu ya msitu. Mmisionari A. B. Lloyd, aliyemjua kwa miaka mingi, aliandika vitabu juu yake vilivyosomwa sana Uingereza, na wasomaji wa huko walifurahia habari za watu wafupi wenye pinde kuliko habari za Toro na mitaa yake. Vitabu hivyo vimetunza mengi ambayo yangepotea, tunashukuru. Lakini vilifanya msitu uonekane mahali pa giza tupu, na Wambuti waonekane kama watu wasiomjua Mungu hata kwa mbali. Apolo hakuwaendea hivyo. Alikula nao. Mtu haketi miaka kumi na mbili na watu anaowaona kuwa giza.

Nyumbani kwake je? Tumekwisha kusema hakuwa na mke katika miaka yote ya kazi yake, wala mtoto. Kwa Mganda wa siku zile, tena mtoto wa Salongo, yaani baba wa mapacha, jina la heshima kubwa, hilo lilikuwa jambo zito, na hatuamini kwamba lilikuwa jepesi kwake. Lakini nyumba yake haikuwa tupu. Ilijaa vijana na watoto aliowalea na kuwasomesha, na wengi wa walimu wa Boga walitoka mlangoni pake. Alipenda kupanda miti na mboga na kuwafundisha watu usafi wa nyumba na maji. Alikuwa na tabia ya kuandika mambo ya kila siku katika daftari, kwa Kiganda, kwa maneno machache: alikwenda wapi, alibatiza nani, nani mgonjwa. Mtu aliyetazamia mafumbo makubwa katika madaftari yale angekata tamaa. Ni kama rejista ya mahudhurio. Sisi tuliojaza rejista kwa miaka thelathini na zaidi tunajua kwamba huwezi kuandika jina la mtu kila siku bila kumbeba moyoni.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Alikwenda Kampala, akapokea heshima, akarudi Boga. Hatupendi kuwafanya watakatifu waonekane hawajali heshima, maana kila mtu hupenda kutambuliwa. Twaona tu kwamba hakukaa kule ilikokuwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 alikuwa mgonjwa. Alitibiwa Mengo, na madaktari wakaona kwamba moyo umechoka, anahitaji kupumzika. Mengo iko Buganda. Kule ndiko kwao, ndiko kwenye watu wa ukoo wake, lugha yake, makaburi ya baba zake. Mzee yeyote wa Kabanga aliye mgonjwa Mwanza au Dar es Salaam huwaambia watoto wake wamrudishe nyumbani afie kwao. Apolo naye aliomba arudishwe nyumbani, na kwa kusema nyumbani alimaanisha Boga. Wakampeleka, akavuka tena Semliki, akafariki kule tarehe 30 Mei.

Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya maziko yake. Desturi ilitaka Mganda aliyekufa ugenini alazwe kichwa kikielekea mashariki, kwao Buganda. Apolo aliagiza kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado haijaisha. Wakafanya hivyo.

Wahenga wetu husema mkataa kwao ni mtumwa, na tumekaa muda mrefu na methali hiyo tukifikiri habari za kaburi lile. Wako vijana wetu wanaokwenda Mwanza, Kahama au Dar es Salaam na kuona aibu kusema wametoka Ngara. Hao methali imewasema. Lakini Apolo hakukataa kwao. Daftari lake lilikuwa la Kiganda mpaka mwisho, jina lake la utani lilikuwa la Kiganda, na alipopanda migomba Boga alipanda kama Mganda. Ila aliongeza kwao. Kijana wa kijiji cha Buganda aliongeza Toro, kisha Boga, kisha msitu, kila mahali akifanya pawe kwao kwa kulima pale, kula pale, na kuzika watu wa pale. Wazee wetu wanaouliza kama marehemu alizikwa kwao wangepaswa, kwa habari yake, kuwauliza watu wa Boga, nao wangeshangaa kuulizwa.

Na watoto je? Kanisa aliloliacha lilikuwa dogo, na baada yake lilikaa miaka mingi likiongozwa na walimu aliowalea, mbali na macho ya wakubwa. Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi. Mwaka 1980 likaundwa jimbo la Kianglikana la Burundi, Rwanda na Boga-Zaire, na askofu mkuu wake wa kwanza alikuwa Bezaleri Ndahura, mtu wa Boga. Kwa hiyo kwa muda Waanglikana wa ng'ambo ya mpaka wetu, hawa majirani zetu wa Muyinga tunaokutana nao sokoni, walikuwa chini ya askofu mkuu aliyetoka katika kile kijiji ambacho mwalimu wake wa zamani alinyimwa chakula. Mwaka 1992 Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ikapata jimbo lake yenyewe. Leo Waanglikana wapo Bukavu, Goma, Kisangani na hata Kinshasa, na wengi wao husali kwa Kiswahili hikihiki tunachoandika hapa, ingawa Boga yenyewe iling'ang'ania Kinyoro kwa muda mrefu kwa sababu ndicho alichowafundishia Apolo.

Boga haijapata raha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku uleule wa siku ya kumkumbuka Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na kijiji jirani cha Tchabi wakaua watu wasiopungua 50, wengine wakiwa wakimbizi waliokuwa wamejihifadhi kambini. Wengi walikimbia, baadhi yao wakishuka bonde la Semliki kuelekea Uganda, kwa njia ileile aliyopandia mwalimu wao mwaka 1896. Baadaye wengine walirudi. Wanalima tena kule juu ya ukingo, na kaburi lipo, kichwa kikielekea msituni.